Noti Moja ya Kuanzia

Jumatatu, 3 Machi
Kwaya imepata mwalimu mpya. Nimeshampa jina — Bwana Mikono. Anapunga kama anafukuza nzi. Leo katangaza kwamba wimbo mkuu wa tamasha tutauimba a cappella. Eti Kiitaliano, maana yake "kwa namna ya kikanisa". Sauti tupu. Kisha akanigeukia mimi, mpiga kinanda: dada, wewe utatupa noti ya kuanzia, basi.
Noti moja! Watu niliowabeba mgongoni miaka yote.

Jumatano, 5 Machi
Nimeisoma hiyo a cappella yake. Neno lenyewe lilianza na joho. Joho la mtakatifu fulani lilitunzwa kwenye chumba cha sala, chumba kikachukua jina la joho, vikanisa vingine vikafuata, mwisho uimbaji wa humo nao. Kumbe tunababaishwa na nguo. Na wataalamu wengine wanasema zamani vyombo vilikuwa vikiwasindikiza waimbaji humo humo. Nikamwambia Bwana Mikono. Akasema huenda ni kweli, dada, lakini tujaribu. Nyoo.
Binti yangu, mwimba soprano wa kwaya hiyohiyo, kaniomba nisimchokoze mwalimu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mazoezi. Wameshuka sauti! Walipomaliza nikabonyeza noti yao — kinanda juu, wao chini huko. Besi wakaangalia viatu. Binti akanikata jicho. Leo nimekula nikashiba kwa furaha.

Jumamosi, 15 Machi
Tamasha limekwisha. Niliwapa noti yao, nikakunja mikono, nikasubiri waporomoke. Wakaimba. Bwana Mikono wala hakupunga sana. Walipokuwa wameshikilia sauti ya mwisho, ukumbi mzima kimya, nikabonyeza. Nilitaka kila mtu asikie walivyoanguka.
Hawakuanguka. Noti yangu ilikuwa ileile yao, ikamezwa, hakuna aliyejua kama nimepiga. Inaniuma.
Mmoja alijua. Binti aligeuza shingo akaniangalia.
Baadaye Bwana Mikono akaja na tabasamu lake: dada, una sikio zuri, kuna nafasi kwenye alto, sauti ya pili. Alto! Nisimame safu ya nyuma na wale wanaosinzia! Nikafunga kinanda.
Njia nzima binti alitangulia mbele yangu. Sasa hivi kagonga mlango wa chumba changu. Anauliza: mama, ulibonyeza ili iweje?
Nimemwambia angoje, naandika. Hajaondoka. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, na mimi sina tena cha kuandika