Mawaridi ya Jumamosi

Ruse, 2 Februari 1998

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako vipi na baridi hii? Mimi kifua kimeachia, ila kabichi ya siki usinitumie tena, mwenye nyumba ananuna kwa harufu.

Ndiyo, bado najisomea upelelezi. Shule ya kazi hii hapa haipo, nina vitabu vya mtumba na macho yangu. Na huyo Lyuben wako, Mama, simwamini hata kidogo. Kafiwa na mke juzijuzi, leo anataka mwoane, uuze nyumba aliyojenga baba, mkaishi Varna? Kitabu kinasema andika ulichokiona, acha ulichoambiwa. Basi niandikie.

Wako,
Desi

Lovech, 11 Februari

Desislava,

Marahaba. Goti linauma na wewe unaniongezea. Kwanza nenda ukasome uhasibu kama wenzako. Nani atampa kazi mpelelezi asiye na cheti?

Haya, nimeona nini? Nimeona mwanamume msafi, anayekula banitsa yangu akafuta sahani. Kila Jumamosi, kabla ya basi la Troyan, ananunua mawaridi meupe matano ya kaburi la mkewe. Marehemu baba yako hakuwahi kuninunulia hata jani. Umeridhika, bibi mpelelezi?

Mama

Ruse, 16 Februari

Mama,

Shikamoo. Soma ulichoandika mwenyewe. MATANO? Tangu lini maiti akapelekewa witiri? Kwa bibi ulinizaba kofi kaburini kwa sababu ua moja lilidondoka njiani, yakabaki matatu. Wafu ni shufwa, walio hai ni witiri, hata mlevi wa stesheni anajua.

Tafadhali usitie saini chochote. Naogopa, Mama.

Desi

Ruse, 9 Machi

Mama, mbona kimya? Umenuna, au umeuza? Nijibu hata kwa matusi.

Desi

Lovech, 23 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaougua.

Nilikukasirikia wiki tatu nzima. Halafu Jumamosi ya tarehe 14 nikajikuta namhesabia maua. Matano tena. Jumapili nikapanda basi hadi Troyan, nikamuuliza muuza maua wa stendi ya kule nyumba ya Lyuben, akanielekeza bila kusita. Nikabisha hodi kuomba maji, Lyuben mwenyewe hayupo.

Mkewe yupo, Desi. Kalala kitandani, miguu haifanyi kazi, yale maua yamo kwenye jagi. Mwongo yule kanidanganya mimi na Mungu wake, lakini shufwa kaiogopa, asije akamchuria mkewe. Yule mama kanikaribisha vizuri, maskini. Akaniambia kwa furaha kwamba mumewe anauza nyumba ya dada yake huko Lovech, ile yenye mzabibu uani, hii hii yetu, wapate hela ya matibabu. Nikamuuliza, dada mwenyewe yuko wapi? Akanitajia jina langu mwenyewe, "Zdravka? Alishakufa, Mungu amrehemu."

Nilikunywa yale maji, nikashukuru, nikatoka. Nililia kwenye basi kama mtoto.

Jana kaja na mnunuzi wa nyumba, na mawaridi yangu saba. Nikayapokea mlangoni, nikachomoa moja, sita nikamrudishia mkononi. Kageuka mweupe kama jibini, akamshika mnunuzi wake mkono wakaondoka.

Ua langu moja liko hapa mezani. Kitabu ukishakimaliza, nitumie.

Mama yako, aliye hai