Swichi Iliyoamkia Kutoka Basotu

Katesh, Alhamisi mchana

Fundi Safari,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Mtambo wako bado unafanya kazi, ila wiki hii nusura uzimwe. Siku ya kwanza ulinifundisha kwamba swichi zetu za mtandao, vile visanduku vya Gendabi, Hirbadaw na Basotu, hazina akili. Akili yote iko kwenye kompyuta moja hapa dukani. Swichi ikiwashwa inaiamkia kompyuta, "Shikamoo," inaitikiwa, "Marahaba," kisha inapewa kazi ya kupitisha intaneti ya watu. Nilicheka sana. Hukuniambia kwamba kompyuta inamwitikia yeyote.

Jumatatu, nimeandika kwenye shajara, intaneti yote ya Gendabi ilianza kupitia Basotu. Nikapanda pikipiki hadi Basotu. Nikamkuta mzee muuza samaki amenunua swichi kuukuu mnadani na kuichomeka kwenye waya wetu, eti taa zake zinapendeza.

"Binti, imeamkia, imeitikiwa," aliniambia nilipomweleza. "Sasa kosa lake nini?"

Nikaichomoa. Wewe ungemjibu.

Bi Zuhura, unavyomjua bosi wetu, hakucheka. Siri za wateja zilikuwa zimepita kwenye samaki. "Paulina, ziba kila tundu kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, nauzima mtambo wa marehemu, turudi kama zamani." Yaani mimi na pikipiki, kijiji kwa kijiji, kuipanga kila swichi kwa mkono, na kazi yako yote stoo, ndani ya boksi.

Jumanne niliweka sheria: swichi isiyo na cheti cha utambulisho haiitikiwi. Nikasahau kuzipa vyeti swichi zetu wenyewe. Wateja wote wakakatika. Kompyuta ikabaki peke yake kama mzee aliyegombana na ukoo mzima. "Kweli sasa hatuibiwi," akasema Bi Zuhura. Jana nikagawa vyeti, kimoja kimoja.

Leo lilibaki tundu moja: jina lako la kuingilia kwenye kompyuta. Bado lilikuwa na ruhusa ya kuamrisha mtambo wote, na nywila yake ulikuwa ukinitajia kwa sauti mbele ya wateja. Jina lisilo na mwenyewe ndilo wezi hulitafuta. Nikabonyeza kufuta. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, bado ilikuwa inauliza.

Nimelifuta, Fundi. Nisamehe. Bi Zuhura amekagua, amesema mtambo ubaki.

Nakuahidi jina hilo sitampa mtu mwingine, hata akija Safari mwenzako na vyeti vyake vyote. Lala salama. Zamu ni yangu.

Mwanafunzi wako,
Paulina