Nimekaa Kimya Kidogo, Ukweni Wanasema Nina Mizimu

Shikamoo Mama Ngassa. Niokoe kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mbuzi anachinjwa kwa ajili yangu na mimi siumwi wala sijafiwa.

Mimi ni Mhaya, nimeolewa hapa Masumbwe kwa Wasukuma, mume wangu Mihayo ana duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu, na wachimbaji wake wote wanakula kwangu, basi toka alfajiri ni mimi na sufuria, watoto wanataka sare, shemeji yangu Makoye anaita "Shemeji, chai!" kama vile chai inachemka kwa kuitwa, kwaya wanapiga simu, mama mkwe anaulizia dawa yake ya presha, mpaka siku moja nikajikuta nimekaa chini jikoni nalia na mwiko mkononi na sijui ninalilia nini. Nikaenda zahanati, nesi akasema mama huna malaria, umeelemewa, kila asubuhi kabla hujashika simu wala sufuria kaa peke yako kidogo, kunywa maji taratibu, vuta pumzi uitoe polepole, kisha zunguka nyumba bila kuongea na mtu.

Nikafanya, na Mungu ni shahidi nikaanza kupata nafuu, ila nilikaa nyuma ya ghala la mahindi kwa sababu ndipo hapana watu, nikajifunika kaniki ya mama mkwe kwa sababu ya umande, na maji nikanywea kibuyu chake cha zamani kwa sababu yanakaa ya baridi, nikafumba macho, fuuu, fuuu, sasa mimi mtu wa Muleba nitajuaje kwamba huku kaniki na kibuyu ni vitu vya waganga? Mama mkwe akanichungulia, akaenda kuwaita mawifi, wakasimama mbali wameshika midomo, akasema, "Bibi yake Mihayo alianza hivihivi. Masamva wamemchagua mkamwana wetu." Masamva ni mizimu ya ukoo, Mama Ngassa, eti wanataka niwe mganga, na mbuzi wa Jumamosi ni wa kuwapokea!

Nilitaka kukanusha siku ileile, lakini asubuhi yake Makoye alichemsha chai mwenyewe akaniletea kwa mikono miwili, watoto wakaanza kunyata, mawifi wakashika sufuria, nikasema moyoni ngoja nikanushe kesho, na kesho hiyo haijafika. Sasa wachimbaji wananiuliza wachimbe wapi, juzi nikawapungia mkono waniondokee, wao wakaufuata mkono, wanachimba nyuma ya choo chetu. Halafu jirani yangu Agnetha akaniletea mtoto anaungua homa, nikamwambia kimbia zahanati, mtoto akapona, sifa nikapewa mimi. Nikisema ukweli nitarudi kwenye mwiko na kulia. Je, siwezi kubaki na hii mizimu mpaka mvua ziishe tu?

Justa, Masumbwe

Marahaba Justa mwanangu. Nimecheka mpaka miwani ikadondoka, kisha nikafika kwa mtoto wa Agnetha nikaacha kucheka.

Kwanza pole. Kulia na mwiko mkononi si uvivu wala si kudeka, ni mwili umekataa, na ulifanya vyema kwenda zahanati. Lakini mpaka mvua ziishe? Ebo! Mambo ya masamva ni mazito kwa wenye nayo, si mwavuli wa kujikinga na vyombo vya jikoni. Safari hii Agnetha amekukuta macho wazi ukamtuma zahanati. Mwingine atakuja umefumba macho, atakaa kusubiri mizimu imalize, na mtoto mgongoni anazidi kuungua. Utamwambia nini? Kwamba ulikuwa unapumzika?

Halafu we mwanamke, hujaona ulichopewa bure? Makoye anajua kuchemsha chai! Miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa mizima. Usimpokonye birika. Mawifi wamepika, wachimbaji wamekula, nani kafa? Mwambie Mihayo atafute mpishi wa duarani amlipe, maana dhahabu ni yake na wenye njaa ni watu wake. Kwaya wakipiga asubuhi, simu na ilie, itachoka yenyewe.

Leo hii, si Ijumaa, leo, mwite mama mkwe peke yake, usije ukamwaibisha mbele ya mawifi. Piga goti, omba radhi, mweleze maneno ya nesi kama yalivyo, na akibisha mwende wote zahanati akayasikie mwenyewe. Mbuzi apone. Hao wachimbaji nao watoke nyuma ya choo kabla hamjatumbukia nyote. Ila asubuhi yako usiiache hata siku moja: maji, pumzi, mzunguko. Tumia kikombe tu, na ujifunike kanga ya maua.

Atakasirika, na ana haki. Lakini mfikirie huyo mama. Amelima, amezaa, amechunga, amezika, na maisha yake yote hajaona mwanamke akiachwa akae peke yake asubuhi, isipokuwa yule aliyetakiwa na mizimu. Angewaza nini kingine? Akimaliza kukugombeza, mwekee kigoda karibu na chako, umwambie kesho akae na yeye.