Mtutu Uliong'aa Kupita Kiasi

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Bungoma tu wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Unauliza kama ununue ile bunduki ya shabaha yenye mtutu maridadi.

Nilipokuwa fundi wa bunduki Kitale, mkulima mmoja aliniletea yake ya kuwindia. Kitako kilikuwa kimechakaa, lakini mtutu uling'aa kama mpya. Nikaingiwa na shaka. Nilipochungulia ndani, niliona kivuli cha mviringo: mtutu ulikuwa umevimba, na mtu ameusugua kwa tupa nje, kisha akaupaka rangi. Mtutu wa namna hiyo unaweza kumpasukia mpigaji usoni.

"Muulize aliyekuuzia kama yeye mwenyewe anaweza kuifyatua," nikamwambia.

"Ati nimuulize? Si ni ndugu yangu!"

Kesho yake alirudi, macho mekundu. Ndugu yake alikuwa amekataa hata kuishika.

Usinunue kabla hujachungulia ndani.

Babu yako