Mimi kwenye tangazo la mabasi

Shoga yangu, acha unachofanya. Nimeimba kwenye tangazo la mabasi ya jiji! MIMI!

Unajua binti yangu alipewa kazi ya kuwatungia wenye mabasi muziki wa tangazo, kazi yake kubwa ya kwanza. Jana alinirekodi jikoni nikiimba, ili mwimbaji wa kweli ajifunzie. Leo asubuhi, badala ya kumtumia mwimbaji, kawatumia wenye mabasi faili langu kimakosa. Lile ambalo katikati ya kiitikio nafoka, “Nani kaacha bomba wazi?”

Akaangua kilio. “Mama, nimekwisha, watanipokonya kazi!”

Nikamwambia futa kamasi, piga simu useme ukweli.

Kabla hajapiga, meneja akapiga yeye. “Huyo mama anayefoka ni nani?”

Nilitamani ardhi inimeze.

Binti, kwa sauti ya kifaranga: “Ni mama yangu.”

“Usiguse kitu. Ofisi nzima tunauimba!”

Ofisi NZIMA, shoga! Tumerukaruka mpaka jirani kagonga ukuta.

Wamempa na matangazo mengine mawili. Sasa ananiambia kwa hayo atatafuta mwimbaji mwingine, eti mimi sina nidhamu ya studio. Mtoto niliyembeba miezi tisa!