Kwako, Mzee wa Ukungu, Uliyewauliza Watu Kwanza

Mwaka umetimia sasa tangu moyo wako ugome ukiwa kazini, ndugu yetu, na mlango ukilia mama bado anageuka kutazama kama ni wewe.

Wengi walikujua kwa picha za pasipoti na video za harusi. Sisi tuliijua na kazi yako nyingine. Ulirekodi waliovunjiwa nyumba na waliopigwa, kisha ukakaa siku nzima kuziba sura zao kwa ukungu na kubadilisha sauti zao, ndipo video itoke. Kamera ya kompyuta yako uliibandika plasta. Mama akauliza, "Na hii nayo imeumia wapi?" Ulicheka hadi ukakaa chini.

Ulikuwa msumbufu pia, tuseme ukweli. Kila picha ya familia uliitia doa: "Watoto mmewauliza kama wanataka kuonekana?" Tukadhani ni maringo.

Siku ya mazishi yako, mimi dada yako nilishika simu ili ndugu wa mbali waone mubashara. Nilipita safu kwa safu nikijivunia umati wako. Wala sikufikiri kwamba waliosimama pale ni walewale uliowaficha. Yule mama muuza nyanya, aliyesimulia soko lilivyovunjwa na nani alibaki chini ya ukuta, ulimziba hadi kidole chake kilichokatika. Mimi nilimwonyesha kwa karibu, akijifuta machozi kwa mkono huohuo.

Video ikasambaa. Waliomtafuta miaka mitatu kwa ushahidi ule wakaipata sura yake bure. Wiki mbili baadaye walikuwa mlangoni kwake na picha yake mkononi. Alikaa rumande miezi miwili, na kibanda chake sasa kinauza viatu.

Kazi yako ya miaka niliimaliza kwa dakika kumi, mdogo wangu. Nisamehe. Sina usingizi wa maana tangu siku ile.

Nilimfuata kumwomba radhi. Hakunikumbatia. Alisema, "Nimekusikia, dada. Kwenye kumbukumbu yake nitakuja. Ila nikiona simu imeinuliwa, nageuka."

Kwa hiyo siku na mahali hatuandiki hapa. Wahusika tumewaambia kwa mdomo. Simu zitaingia kwenye sufuria kubwa pale mlangoni, na mama amesema kifuniko atakikalia mwenyewe. Haya yote nimemuuliza muuza nyanya kabla ya kuyaandika. Amesoma, akafuta mistari miwili, akanirudishia.

Picha yako haipo hapa juu ya tangazo. Ukiwa hai hukukubali, na sasa hatuna wa kumuuliza.

Wanaokukumbuka ni mama yako, mkeo, wanao wawili, kaka yako mkubwa, na mimi dada yako. Wapo wengine. Tuliwauliza kama tuwataje, wakasema hapana.

Hao nao, Mzee wa Ukungu, daima watakukumbuka.