Usiseme Pardon

Mwalimu wangu Hamisi,

Mungu akulaze pema. Ni mimi Zaituni wa duka la vipuri, mwanafunzi wako mbishi. Leo nakuandikia kwa Kiswahili, upumzike kidogo kutokana na Kiingereza chetu.

Tulipokuzika, nyumba yako hapa mtaani Buyenzi, ulimotufundishia Kiingereza, ikawa kimya. Wenzangu walianza kutawanyika. Mama Divine, yule muuza vitenge, akasema nisiposhika chaki mimi, basi darasa limekwisha. Niliogopa, Mwalimu. Barua za Kiingereza za kuagiza vipuri Dubai naandika kila siku, lakini kusimama mbele ya watu walionizidi umri?

Nikakumbuka ulivyotufundisha. Hakuna aliyesoma andiko lake mwenyewe. Ulimpa jirani alisome kwa sauti, mwenyewe anyamaze, na pale jirani anapojikwaa ndipo pa kutengeneza. Mimi nilipokosolewa niliomba radhi kwa Kifaransa, "pardon", "pardon", mpaka ukachoka. Ukaniambia: "We Zaituni, kwani umemukanyaga mutu? Akikukosoa, sema asante." Darasa zima likacheka, nami nikanuna wiki nzima.

Basi Jumatano nikasimama. Nikaandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba nilihudhuria darasa lako miaka mingi. Kifaransa kikaniponza, nikaweka "assist", ambalo kwa Kiingereza ni kusaidia, badala ya "attend". Mama Divine, ambaye zamani hakuthubutu kusoma hata jina lake kwa sauti, akainua mkono: "Apana, Zaituni. Iyo ni ya Kifaransa. Ya Kiingereza ni ingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Wote walikuwa wananitazama, na nilijua kwamba nikifoka, hakuna atakayerudi. Nikasema, "Asante, Mama Divine." Akapiga makofi peke yake, halafu wote wakapiga. Nikalia mbele yao, chaki mkononi, wala sikuona haya. Juzi walirudi wote, na wengine wamekuja na ndugu zao. Mabenchi hayatoshi.

Kwaheri, Mwalimu. Nakuahidi nitaendelea kuandika kwenye ubao ule, na kosa langu sitalifuta kabla hawajaliona.

Miaka yote ile nilikushukuru pale tu uliponikosoa. Leo hakuna aliyenikosoa. Asante.

Zaituni